Utepe wa Arubaini na Moja

Tuliipokea usiku, ikivutwa na trekta
kama mgonjwa apelekwaye kupimwa asikotaka.
Mkiani alikuwapo mbayuwayu wa buluu,
nembo ya kampuni iliyokufa mwezi wa Sita
na mishahara yetu ya miezi mitatu mdomoni.

"Msasa," akasema Bwanakheri. Hakuongeza neno.

Siku nne tulimkwangua yule ndege.
Kifua kilitoka upesi. Bawa likashika.
Vumbi lake likaingia kwenye nyusi,
kwenye kilemba cha Nyadzua, kwenye chai ya Mutinda,
hata nilipopenga kamasi nyumbani Chaani
mama akauliza ni maradhi gani haya ya buluu.
Ni deni, mama. Linatoka kidogo kidogo.

Chini ya buluu, kijani. Chini ya kijani,
herufi mbili za lugha tusiyoijua,
kisha manjano ya praima, kisha bati lenyewe
na ribiti zake maelfu, likitutazama uchi.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri maungo.
Hii imeshaazima nne, na bado yapaa.

Mombasa si mji wa kupaka rangi.
Hewa ya Port Reitz ina chumvi, ina jasho lake;
ukiharakisha, rangi hufura malengelenge.
Tukafunga hanga kwa plastiki, tukawasha vikaushio,
tukala mahamri tukikodolea macho kipimo cha unyevu
kama watu wanaosubiri mwezi uandame.

Bwanakheri alianza kazi Magongo,
akiandika KINYOZI na USIKOJOE HAPA ukutani.
Sasa ana herufi ndefu kuliko yeye.
"Hii haitaki mkono," akatufunza, chaki sikioni,
"hii yataka miguu. Itembee."
Tukaitembea, juu ya jukwaa, mbele na nyuma,
na bunduki za rangi zikitoa ile sauti
ya mtu anayenyamazisha mtoto: shhh, shhh.

Usukani wa mkia tuliufungua, tukaupima.
Rangi ina uzito. Wengi hawajui.
Gramu zikizidi, huko juu mkia hushikwa na homa.

Halafu matundu.
Tulikuwa tumeyaziba arubaini na moja, kwa utepe mwekundu,
vijitundu ambavyo ndege hujulia kimo chake na mwendo wake.
Nyadzua alishika daftari.
Tulipobandua, akahesabu: arubaini.
Akahesabu tena. Arubaini.

Mwenye kampuni mpya alishafika, na suti, na mpiga picha.
"Ni utepe tu," akasema.
Nyadzua hakumtazama.
"Ni kitundu."

Tukamulika kimoja kimoja kwa tochi. Vyote wazi.
Tukamwaga mapipa ya taka sakafuni,
tukapekua glavu, ndoo, mifuko ya ovaroli.
Saa mbili. Mpiga picha akaketi juu ya ngazi akasinzia.
Na daftari, likiwa wazi mkononi mwa mwanamke yule,
halikubali kubembelezwa.

Mpaka tajiri, kwa kuchoka, akapandisha mguu juu ya goti:
na pale, chini ya kiatu kilichong'aa,
utepe mwekundu, umejikunja, una unyoya wa vumbi la buluu.

Hakuna aliyecheka.
Mutinda alikohoa tu, muda mrefu, ndani ya barakoa.
Nyadzua akaubandua kwa ukucha,
akaubandika daftarini, akatia sahihi.

Jumatano nilikuwa juu ya paa nikirekebisha tangi.
Ikapita, chini chini, magurudumu yakiingia.
Mama akaacha kuanika, akakinga macho kwa kiganja.
"Ndiyo yenu hiyo? Mbona nyeupe tupu?"

Kutoka Chaani huonekana tumbo.
Herufi zile, masafa yote tuliyotembea,
ziko ubavuni, za kusomwa na mawingu.

Ndiyo yetu, nikamwambia.
Na tumbo pia tulipaka.